Daraja Ambalo Hatujalifikia: Methali za Kiingereza na Matumizi Yake

MAANDISHI YA KIPINDI
Kwa wasikilizaji wote, vikundi vya kusikiliza pamoja na wanafunzi. Rusizi.

(Muziki wa kufungua. Unashuka taratibu.)

MTANGAZAJI:   

Leo tunaongea juu ya methali na misemo ya zamani ya Kiingereza. Hatuongei ili tujipambe kwa maneno ya kizungu. Tunaongea kwa sababu maneno hayo ukiyafasiri moja moja yanaweza kukupoteza, na kuna mahali ambapo kupotea kwa sentensi moja kunaleta hasara.

Chukua mfano huu. Tuseme mama mmoja ametoka Bukavu, amevuka mto, amefika kituo cha mpito cha Nyarushishi na watoto wanne. Amekaa mbele ya mfanyakazi wa shirika. Anauliza: "Mume wangu akinifuata baadaye, tutawekwa pamoja?" Mfanyakazi anajibu kwa Kiingereza: "We'll cross that bridge when we come to it."

Mama ana Kiingereza kidogo. Anasikia "cross", kuvuka. Anasikia "bridge", daraja. Na kwa mtu wa hapa Rusizi, daraja ni lile la Rusizi ya Kwanza au lile la Rusizi ya Pili, na ng'ambo yake ni Kongo. Anarudi kwa watoto akiamini kwamba watarudishwa. Usiku huo hapati usingizi. Asubuhi majina yanaitwa, yeye hajitokezi.

Hakuna mtu aliyemwambia atarudishwa. Msemo ule hauna mto wala mpaka. Maana yake ni hii: jambo hilo halijafika bado, likifika tutalishughulikia. Ni kama sisi tunavyosema, "Hilo tuliache kwanza, siku yake ikifika tutaliona." Mfanyakazi hakukataa, na pia hakuahidi. Aliahirisha tu.

Mfano huo ndio kipindi chetu cha leo.

(Muziki mfupi.)

KIINGEREZA KINATUHUSU NINI?

Labda unasema: sisi tulisoma Kifaransa, nyumbani tunaongea Kiswahili, Mashi, Kifuliiru au Kinyamulenge, sasa Kiingereza cha nini?

Ndugu yangu, tuko Rwanda. Mwaka 2007 Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 2008 serikali iliamua kwamba masomo shuleni yahame kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza. Mwaka 2009 nchi ikaingia Jumuiya ya Madola. Mtoto aliyeanza shule Uvira kwa Kifaransa, akifika huku anakuta hesabu na sayansi zinafundishwa kwa Kiingereza. Kiswahili nacho kilikubaliwa kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na ukienda soko la Kamembe kinakutosha kununua sambaza na ndizi. Lakini kwenye fomu nyingi za mashirika, kwenye mtihani wa mwanafunzi, na kwa mwenye faili la kuhamia nchi ya tatu, Kiingereza kinakusubiri mlangoni.

Na wanaokisema hawasemi Kiingereza cha kitabu peke yake. Wanasema methali, kama sisi. Nyingi ni za kale sana. Mwaka 1546 Mwingereza aitwaye John Heywood alichapisha kitabu alimokusanya methali za lugha yake. Ile isemayo kwamba Roma haikujengwa kwa siku moja ilikuwamo. Ile ya mikono mingi kurahisisha kazi ilikuwamo. Ile ya kutazama kabla ya kuruka nayo ilikuwamo. Imepita karibu miaka 480, na bado watu wanazisema ofisini na kwenye simu.

Kwa hiyo picha zilizo ndani ya methali hizo ni za maisha ya zamani ya huko kwao: farasi, meli, baridi, uzi na sindano. Hapo unapata dalili ya kwanza ya kuitambua methali. Ukisikia farasi ndani ya maneno ya mtu ambaye hana farasi, na mliyekuwa mkiongea juu ya sabuni, jua hiyo ni methali.

Dalili ya pili: mara nyingi wanasema nusu tu, nusu nyingine wanakuachia. Sisi pia tunafanya hivyo. Mzee akisema "Haraka haraka..." ananyamaza, na watoto wanamalizia "haina baraka". Mwingereza naye atasema "When in Rome..." kisha atanyamaza. Methali nzima inasema: ukiwa Roma, fanya kama Waroma wanavyofanya. Sisi tunasema: ukienda kwa wenye chongo, nawe vunja jicho. Mtu akikuona Jumamosi ya mwisho wa mwezi umeshika jembe unaenda umuganda na majirani Wanyarwanda, anaweza kucheka na kusema "When in Rome!" Hakuiti Mroma. Anakusifu kwamba umeshika desturi ya wenyeji.

KUNDI LA KWANZA: METHALI PACHA

Hizi hazikupi shida, kwa sababu tunazo vilevile kwa Kiswahili.

"Where there's a will, there's a way." Penye nia pana njia. Angalia neno "will". Hapa ni nia. Kwingine neno hilohilo linaweza kuwa wosia, ile karatasi ya kugawa urithi. Hapa hakuna urithi.

"There's no smoke without fire." Panapofuka moshi pana moto. Husemwa juu ya uvumi: kama watu wanasema, basi kuna kitu. Lakini uitumie kwa uangalifu. Kambini tumeona moshi mwingi usio na moto. Uvumi kwamba orodha imefungwa au mgawo umesimamishwa, kauliza kwenye ofisi inayohusika kabla hujaukimbilia.

"Better late than never." Kawia ufike. Kuchelewa ni afadhali kuliko kutofika kabisa. Wewe uliyechelewa ukisema hivyo, unaomba radhi kwa upole. Lakini ukimwambia mwalimu aliyechelewa, umemdhihaki. Methali ni ileile, mdomo ndio unaobadilisha maana.

KUNDI LA PILI: MAANA MOJA, NGUO TOFAUTI

"A stitch in time saves nine." Mshono mmoja ukishonwa kwa wakati wake unaokoa mishono tisa. Shitingi ya nyumba yako imepasuka urefu wa kidole. Ukiishona leo, ni mshono mmoja. Ukingoja upepo wa usiku, asubuhi unaomba shitingi nyingine. Sisi tunasema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

"Too many cooks spoil the broth." Wapishi wengi huharibu mchuzi. Sisi tunasema: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mvuvi wa Kivu anaelewa upesi kuliko mpishi. Mitumbwi mitatu imefungwa pamoja, makasia ni mengi, kila mmoja akitoa amri yake hamfiki kwenye samaki.

"Once bitten, twice shy." Aliyeumwa mara moja, mara ya pili anaogopa. Sisi tunasema: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wanafunzi, hapa kuna mtego. Shuleni mnafundishwa kwamba "shy" ni mwenye haya. Katika methali hii hakuna haya. Ni mtu mwenye tahadhari kwa sababu aliumia. Kama mtu amewahi kukuibia pesa za simu kwa kujifanya wakala, na leo hutaki kumpa mtu yeyote namba yako ya siri, Mwingereza atasema hivyo juu yako, na atakuwa amekusifu.

"Don't put all your eggs in one basket." Usiweke mayai yako yote katika kapu moja, maana kapu likianguka umebaki bila hata yai la kukaanga. Mwalimu anaweza kumwambia hivyo kijana aliyekataa kujifunza ushonaji au useremala kwa sababu anangoja kwenda Marekani. Hamwambii kwamba safari haipo. Anamwambia: ngojea, lakini ukiwa unangojea, shika na ufundi.

KUNDI LA TATU: ZISIZOBAHATISHIKA

Hapa hata mwenye akili nyingi hawezi kukisia. Ni lazima uambiwe.

"Break a leg!" Vunja mguu! Mwanafunzi anakwenda kuigiza mbele ya watu, au kuimba, na rafiki yake mzungu anamwambia hivyo huku anatabasamu. Si laana. Ni kumtakia mafanikio. Ulianza kwa watu wa michezo ya kuigiza, na sasa wengine wanausema hata kabla ya mtihani.

"You're pulling my leg." Unanivuta mguu. Maana yake: unanitania, hayo si kweli. Mguu wake haujaguswa na mtu.

"I'm under the weather." Niko chini ya hali ya hewa. Maana yake: sijisikii vizuri, mwili hauna nguvu. Mtu anayesema hivyo hajanyeshewa.

"Pins and needles." Pini na sindano. Huu ushikeni sana, hasa nyinyi wazee na mama zetu wenye sukari. Daktari anayesema Kiingereza anaweza kukuuliza kama unasikia "pins and needles" miguuni. Haulizi kama umechomwa sindano. Anauliza juu ya ganzi, ile hali ya mguu kuwashawasha kama umechomwa na vitu vidogo vingi. Kwa mgonjwa wa sukari jibu hilo lina maana kubwa, kwa sababu ugonjwa huo unaweza kuharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Ukijibu "hapana, sijachomwa sindano", daktari ataandika kwamba miguu yako ni mizima.

Na ule wa mvua ya paka na mbwa? Vitabu vya shule vinaupenda sana. Maana yake ni mvua kubwa. Ujue kwa ajili ya mtihani, lakini usishangae ukikaa na Waingereza mwaka mzima bila kuusikia. Mvua ikinyesha sana wao husema tu "it's pouring".

(Muziki mfupi.)

KUNDI LA NNE: ZINAZOPINGANA NA ZETU

Kuna methali ya Kiingereza ambayo wengi wetu tunaisikia vibaya moyoni: "No news is good news." Kutokuwa na habari ni habari njema. Wazo lake ni kwamba jambo baya lingetokea, ungekuwa umeshaambiwa. Basi tulia.

Kiswahili kinasema kinyume kabisa: kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwetu kimya kirefu kinatisha. Aliyeacha ndugu ng'ambo ya mto, simu haipatikani wiki ya pili, huwezi kumwambia kwamba kimya hicho ni habari njema.

Kati ya methali hizo mbili, kila moja ina watu wake na maisha yaliyoizaa. Unachohitaji ni kujua msemaji anasimama upande gani. Mfanyakazi akikuambia "No news is good news" juu ya faili lako, anajaribu kukutuliza. Hajasema kwamba faili limeendelea, wala kwamba limekwama. Kama unataka kujua, uliza swali la wazi: faili langu limefika wapi, na nirudi lini?

KUNDI LA TANO: ZINAZOUMA

"Beggars can't be choosers." Anayeomba hana haki ya kuchagua. Nayo imo katika kile kitabu cha 1546. Ni methali kali, na siku moja unaweza kuisikia kwenye mgawo ukisema kwamba unga una wadudu.

"Don't look a gift horse in the mouth." Farasi uliyepewa zawadi usimkague mdomoni. Umri wa farasi unajulikana kwa meno, kama wafugaji wetu wanavyojua umri wa ng'ombe. Maana yake: ukipewa kitu bure, usitafute kasoro zake.

Ndani ya familia methali hiyo ni nzuri. Shangazi akikupa shati lililovaliwa, sema asante na ulivae. Lakini chakula chenye wadudu si shati la shangazi. Mkimbizi hakuja kuombaomba. Hifadhi yake imeandikwa katika Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, na Rwanda imeridhia yote miwili. Kusema kwa heshima kwamba kitu ni kibovu, kwenye sanduku la maoni au kwenye dawati la malalamiko, ni haki yako. Methali isikufunge mdomo.

Ya mwisho katika kundi hili: "There's no such thing as a free lunch." Hakuna chakula cha mchana cha bure. Maana yake: kila kitu kina bei, hata kama huioni. Wafanyabiashara wanaipenda. Lakini matapeli nao wanaipenda. Mtu akikuambia kwamba jina lako litaingia kwenye orodha ukitoa kitu kidogo, kisha akakutolea methali hii kwa sauti ya mjuzi, ondoka hapo na umripoti. Huduma za UNHCR na za mashirika yanayofanya nayo kazi ni bure: kuandikishwa, mahojiano, fomu, mgawo. Hazilipiwi kwa pesa wala kwa mwili wa mtu.

METHALI ZETU MBELE YA MKALIMANI

Sasa tugeuze upande. Kama methali yao inatupoteza sisi, na yetu inawapoteza wao.

Tuseme uko kwenye mahojiano. Afisa anauliza: "Uliwaona walioingia nyumbani?" Wewe unajibu: "Mwenye macho haambiwi tazama." Kwetu umejibu ndiyo, tena kwa nguvu. Mkalimani anaifasiri kama ilivyo, na afisa anasikia mtu mkali anayekataa kujibu.

Au anauliza: "Usiku ule kulitokea nini?" Mzee anajibu kwa ile methali ya Kinyarwanda tunayoijua wengi, "Ijoro ribara uwariraye," usiku husimuliwa na aliyeukesha. Kisha ananyamaza. Kwetu sisi kimya hicho kimejaa. Tunajua kwamba amesema mengi. Lakini kwenye karatasi ya afisa hakuna tarehe, hakuna mahali, hakuna idadi ya watu, hakuna jina la kijiji. Usiku mzima wa mzee umebaki mstari mmoja.

Methali kwetu ni kitambaa. Inafunika jambo zito ili liweze kusemwa mbele ya watoto na wageni. Mahojiano yanataka kitambaa kiondolewe. Kwa hiyo, siku ya mahojiano, methali ziache nyumbani. Sema nani, wapi, lini, ulisikia nini, uliona nini. Kama kuna jambo ni zito kulisema, sema hivyohivyo: "Ni zito kwangu, naomba nipumzike kidogo." Sentensi hiyo inafasirika bila shida.

Na kama mkalimani humwelewi, au unaona yeye hakuelewi, una haki ya kusema hapohapo. Usingoje ufike nyumbani.

MANENO MATATU YA KUBEBA

Huwezi kujifunza methali zote za Kiingereza. Hata Waingereza hawazijui zote. Lakini maneno haya matatu yanatosha kukuokoa. Yaandike nyuma ya daftari, umfundishe na jirani.

La kwanza: "What does that mean, please?" Hiyo ina maana gani, tafadhali?

La pili: "Please say it in a simple way." Tafadhali, sema kwa njia rahisi.

La tatu: rudia ulichoelewa. Hili unaweza kulisema kwa Kiswahili kupitia mkalimani: "Nimeelewa kwamba tutarudishwa Kongo. Ndivyo ulivyosema?" Kama yule mama wa mfano wetu angesema hivyo, mfanyakazi angeshtuka, angesema hapana, na asubuhi mama angejitokeza jina lake likiitwa.

Kuuliza si ujinga. Sisi wenyewe tunasema: kuuliza si ujinga, na anayeuliza njia hapotei.

ZOEZI LA KIKUNDI

Kwa vikundi vya kusikiliza pamoja, na kwa familia jioni. Mtu mmoja asome methali, wengine wajibu.

1. "Many hands make light work." Ni methali gani ya Kiswahili inayokaribiana nayo? Je, inapingana na ile ya wapishi wengi? Ni lini utumie moja, ni lini utumie nyingine?

2. "Look before you leap." Kijana ameambiwa na mtu asiyemjua kwamba kuna kazi nzuri nje ya nchi, aache kambi leo usiku bila kuaga. Methali hii ingemwambia nini?

3. Kila mzee atoe methali moja ya lugha yake, iwe Mashi, Kifuliiru, Kinyamulenge, Kilega au nyingine. Vijana wajaribu kuifasiri kwa Kiingereza neno kwa neno, kisha waifasiri maana. Mtasikia wenyewe umbali ulio kati ya hizo mbili.

Majibu tutayasoma katika kipindi kijacho. Yaandikeni na mumpe mkuu wa kikundi chenu.

Mama, baba, ukisikia leo au kesho kwamba daraja litavukwa likifikiwa, usifunge mizigo. Uliza kwanza ni daraja gani.

Kaeni salama, na amani iwe nanyi.

(Muziki wa kufunga.)